Neno Dawa na Hukumu ya Mkimbiaji

Katika Kiswahili, dawa ni neno lenye huruma. Dawa huponya, dawa hukinga, dawa hutuliza. Panapokuwa na ubaya, neno hili halikubali kuubeba peke yake, bali hutafutiwa mkia: dawa za kulevya, dawa ya panya, dawa za kusisimua misuli. Bahati mbaya mkia huo hauandikwi juu ya kidonge. Mkimbiaji wa Iten au Eldoret aingiaye dukani kwa maumivu ya goti huomba dawa, hupewa dawa, huimeza dawa. Siku ajapo mpimaji, neno lililokuwa moja hugeuka mawili, na la pili ndilo litakalomhukumu.

Sheria inayomhukumu ina historia fupi. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa hizo, WADA, liliundwa mwaka 1999, na Kanuni zake zikaanza kutumika mwaka 2004. Msingi wake ni mmoja: kilichokutwa mwilini mwa mwanariadha ni dhima yake, awe alikijua au hakukijua, nia yake hutazamwa baadaye, inapopimwa adhabu. Mkojo wake hugawanywa katika chupa mbili, ya pili ikiwa ni shahidi wa ya kwanza. Aidha, mwanariadha wa daraja la juu hutakiwa aitaje mapema, kwa kila siku ya mwaka, saa moja na mahali atakapopatikana. Akikosea mara tatu ndani ya miezi 12, huhesabiwa mkosaji hata kama hakuna tone la dawa lililoonekana.

Ni sheria ngumu, naam. Lakini ugumu wake haukuzuka bure. Mwaka 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathoni ya Boston, na Buzunesh Deba wa Ethiopia akafika wa pili. Baadaye Jeptoo alikutwa na EPO, homoni iongezayo chembe nyekundu za damu, na mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamfungia miaka 4 na kumfutia ushindi ule. Deba akawa mshindi kwenye karatasi. Hapakuwa na utepe wa kukatwa wala umati wa kumshangilia. Na ilipofika mwaka 2024 alikuwa bado hajalipwa na waandaaji zawadi ya mshindi. Anayesema sheria imlegezee mkimbiaji, amwambie kwanza Deba.

Wala si kila aliyenaswa alikuwa mjinga wa mambo. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, mwaka 2016, alikutwa na EPO mwaka uliofuata. Kifungo chake cha miaka 4 kikawa 8 baada ya kubainika kwamba vyeti vya hospitali alivyojitetea navyo vilikuwa vya kughushi. Wilson Kipsang, aliyepata kushika rekodi ya dunia, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020. Kukosekana kwake mwezi wa Mei alikueleza kwa picha ya ajali ya barabarani, nayo ajali yenyewe ilikuwa ya Agosti. Njia ya mwongo ni fupi, hata awe bingwa wa kilomita 42.

Kisa kigumu zaidi ni cha Ruth Chepngetich. Oktoba 2024, huko Chicago, alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 10. Machi 2025 mkojo wake ulikutwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, ambayo wagonjwa wa shinikizo la damu huandikiwa, na ambayo wanamichezo hukatazwa kwa kuwa yaweza kuficha nyingine. Alieleza hatimaye kwamba aliugua akameza kidonge cha mtumishi wake wa nyumbani. Alifungiwa miaka 3, mmoja ukiwa umepunguzwa kwa kukiri mapema.

Maelezo hayo yalipokewa na wengi kwa dhihaka. Hata hivyo, iwe ni kweli au ni hila, yamesimama juu ya jambo ambalo kila nyumba ya Afrika Mashariki inalijua. Kidonge chetu hakina mwenyewe. Jirani akiumwa kichwa, hukatiwa nusu. Mgeni akikohoa, hupewa kilichobaki chupani. Huo ni wema, na asiyeutenda huitwa bahili. Kanuni za michezo humtaka mkimbiaji auogope wema huo, amuulize mama yake mzazi jina la kile anachompa.

Si haki kumtaka hivyo bila kumfundisha. Orodha ya vilivyokatazwa hutengenezwa upya kila mwaka, na lugha zake rasmi ni Kiingereza na Kifaransa, tena Kiingereza cha maabara. Tangu mwaka 2021 WADA yenyewe ina kanuni ya elimu isemayo kwamba mwanariadha akutane na mafunzo kabla ya kukutana na chupa. Lakini fundisho lisilofika katika lugha ambayo kidonge huombwa ni mvua iliyonyesha baharini. Kijana akitoka kijijini na jozi moja ya viatu, na familia nzima ikiitazama miguu yake, hakuna budi aambiwe kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin kwamba sindano ya daktari, unga wa nguvu na kidonge cha jirani vyote vina mizani moja.

Dawa ya deni ni kulipa. Mkimbiaji anadaiwa ukweli na wenzake wanaokimbia nyuma yake, na atalipa kwa mkojo wake, kwa saa yake moja ya kila siku, kwa miaka yake. Sheria inayodhani kwamba yeye anajua, nayo inadaiwa: imjulishe.