Sauti Yangu Nauza Rejareja, Jumla Hapana!

Mimi na wewe tunafahamiana, ila hujui tu. Kama umewahi kupiga huduma kwa wateja ukaambiwa ubonyeze moja kwa Kiswahili, au umebanwa kwenye daladala ukasikia tangazo la sabuni ukasonya, basi huenda ni mimi uliyenisonya. Usijali, nimezoea!

Kazi yangu ni kuingiza sauti. Huu ni mwaka wa tisa. Kila nikijitambulisha hivyo kwenye shughuli za watu, jibu ni lile lile: “Kumbe unaongea tu halafu unalipwa?” Ndiyo shoga, naongea tu. Hebu nikupitishe kwenye wiki moja ya huko kuongea tu, wiki ambayo nusura inigombanishe na baba watoto.

JUMATATU: Tabasamu la sekunde 30

Saa mbili asubuhi niko studio, Kinondoni. Maji nimeanza kunywa tangu saa kumi na moja alfajiri, maana wengi hawajui kwamba maji unayokunywa hayapiti kabisa kwenye nyuzi za sauti. Yanapita njia ya chakula. Ukinywa glasi mbele ya maiki umelowesha mdomo tu. Koo lenyewe linapata unyevu baadaye, mwili ukishayasambaza. Na nyuzi hizo, kwa mwanamke anayeongea kawaida, zinagongana mara kama 200 kwa sekunde. Ukiongea saa moja mfululizo ni mara 720,000. Halafu mtu anakwambia unaongea tu!

Skripti ya siku hiyo ilikuwa ya sabuni ya unga. Tangazo la redio la sekunde 30 linabeba maneno kama 60 ya Kiswahili, ukitaka msikilizaji naye apumue. Hili lilikuja na maneno 94. Liliandikwa kwanza kwa Kiingereza, likatafsiriwa ofisini, na hakuna aliyelisoma kwa mdomo. Prodyuza ananitazama mimi, mimi namtazama mteja, mteja anatazama simu yake. Tukakaa chini tukakata.

Kisha ikaanza ile ya “Dada, ongeza tabasamu.” Wewe unaweza kucheka, lakini tabasamu linasikika kweli. Midomo ikivutwa pembeni, njia ya sauti inafupika na sauti inang'aa. Nikatabasamu mara 22 mpaka mashavu yakauma. Mwisho kabisa ikaja ile sentensi mnayoijua nyote, “Vigezo na masharti kuzingatiwa”, ambayo natakiwa kuitema kwa sekunde moja na nusu, mtu asipate muda wa kuuliza vigezo gani. Ikumbuke hiyo sentensi, maana Alhamisi ilinirudia mwenyewe.

JUMANNE: Nalia na mwanamume nisiyemjua

Siku ya tamthilia, studio ya Mikocheni. Kazi hii ina wazee wake. Kulikuwa na Lufufu, yule aliyekuwa anatusimulia filamu za kigeni kwenye mabanda ya video, mtu mmoja sauti za watu wote. Mwaka 2011 TBC ikaonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, mama zetu wakaanza kumjadili yule mkwe kama vile anakaa mtaa wa pili. Leo Waturuki, Wahindi, Wakorea, wote wanagombana kwa Kiswahili sebuleni kwako.

Siku hiyo nilikuwa mke wa tajiri mmoja wa Istanbul. Utamu wa kazi hii, na mateso yake, ni mdomo. Mturuki akisema “Seni seviyorum” anatumia silabi sita. Mimi nikisema “Nakupenda” nina nne, kwa hiyo namwongezea “sana” ili tumalize pamoja. Haya, tumelingana. Lakini yeye anamaliza kwa herufi M, midomo imefungwa, na Kiswahili chetu kinaishia kwenye irabu, midomo wazi! Unafanyaje? Ile A ya mwisho unaikata haraka, karibu kuimeza, kabla watazamaji hawajagutuka. Hiyo ni sentensi moja. Siku hiyo nilikuwa nazo 180.

Kuna mengine watu hawayajui. Yule mwanamume niliyekuwa namlilia “usiniache” hakuwepo. Sauti yake ilirekodiwa Jumamosi, na mpaka leo sijamwona. Nalia peke yangu kwenye chumba kilichobandikwa sponji ukutani, hedifoni masikioni, na fundi mitambo nyuma ya kioo anakula chipsi. Nimelia kilio cha talaka mara tano, kwa sababu mara nne za mwanzo kwikwi zilichelewa.

Nikifika nyumbani saa mbili usiku, mume wangu ananiuliza siku ilikuwaje, namjibu “nzuri”. Akanuna kidogo. “Mke wangu, maneno matamu yote unayamalizia kwa Waturuki, mimi unaniletea ukoko.” Alisema kwa utani, lakini mtu aliyeolewa anaujua utani wenye mfupa ndani.

JUMATANO: Sifuri mpaka tisa

Hii ndiyo kazi ninayosikika zaidi, na hakuna anayeipenda: zile sauti za simu. Mashine inapokusomea salio haikusomei sentensi iliyorekodiwa nzima, inaunga vipande. Kwa hiyo narekodi sifuri mpaka tisa, kumi, ishirini, mia, elfu, laki, milioni, kila neno mara tatu: kama linaanza, kama liko katikati, kama linamalizia. “Tano” ya katikati inapanda, “tano” ya mwisho inashuka. Ukichanganya, mteja anasikia mtu aliyekatishwa. Saa nne nzima nahesabu kama mtoto wa chekechea, na sauti isipande wala isishuke isipotakiwa. Nikitoka hapo sitaki hata kusikia bei ya nyanya.

Mama yangu anakaa Tanga. Jioni hiyo nikamkuta hewani ameshapiga mara mbili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimekupigia tangu mchana hupokei.”

“Nilikuwa studio mama, simu tunazima.”

“Najua. Basi nikapiga kule kwa wale watu wa mtandao. Ukanambia karibu, ukanambia nibonyeze moja. Nikakusikiliza kidogo, nikakata. Nikajua mzima.”

Nilicheka. Baadaye, nikiwa jikoni, nikajikuta sicheki tena. Ile karibu niliirekodi miaka minne iliyopita. Ningekuwa nimelazwa siku hiyo, bado ningemkaribisha mama yangu kwa uchangamfu ule ule.

ALHAMISI: Ugomvi wa kwenye daftari

Niliamka sina sauti. Vilio vya Jumanne na hesabu za Jumatano vilikuwa vimenifikisha. Dawa ya hapo kwanza ni kunyamaza. Tangawizi na asali vinaburudisha, mvuke unasaidia, lakini usije ukanong'ona ukidhani unapumzika; kunong'ona nako kunachosha koo. Nikakaa kimya, naongea na familia kwa daftari la hesabu la mwanetu.

Saa nne ukaja mkataba. Kampuni moja ilitaka nirekodi sentensi 3,000, kazi ya siku sita, na malipo yake yalikuwa makubwa kuliko ya kazi yoyote niliyowahi kupewa. Kodi ya nyumba yetu ya miezi sita, shilingi milioni 1.8, ilikuwa inadaiwa mwisho wa mwezi. Hesabu ilikaa vizuri mno! Nikasoma taratibu, kwa sababu mimi ndiye ninayeyasoma haraka haraka kwa wengine. Ukurasa wa tatu ukasema: sauti itatumika kwa muda wote, duniani kote, kwa teknolojia iliyopo na itakayokuja, ikiwemo kutengeneza maneno mapya. Yaani mashine ijifunze kuongea kama mimi, halafu iseme chochote itakachoandikiwa, bila mimi, milele, kwa malipo ya mara moja.

Jioni nikamwonyesha mume wangu. Yeye ni mtu wa hesabu, na mwenye nyumba alikuwa ameshampigia.

“Sasa tatizo nini?” akaniuliza. “Sauti si inabaki kooni kwako? Wanaondoka na nini?”

Nikaandika: *Wanaondoka na mtu anayeongea kama mimi, asiyechoka na asiyelipwa.*

“Usipofanya wewe atafanya mwingine.”

*Sawa. Afanye.*

“Na kodi?”

Hapo sikuwa na la kuandika. Wanaume bwana, wanajua pa kugonga! Lakini ugomvi wa kwenye daftari una faida yake. Huwezi kupandisha sauti, wala kumkatiza mwenzio, na hasira inabidi isubiri kalamu. Naye akaona haya kufoka peke yake, watoto wakidhani anagombana na ukuta. Akavuta kiti, akachukua kalamu nyekundu ya mtoto, akaanza kuandika na yeye.

Nikamwandikia: *Ukipigiwa simu na mtu mwenye sauti yangu, analia, anasema yuko hospitali, tuma laki tatu kwenye namba hii. Utatuma?*

Aliishika ile kalamu muda mrefu. Kisha akaandika neno moja.

*Nitatuma.*

Nikaandika chini yake: *Na mama je?* Hakujibu. Anamjua mama mkwe wake. Angetuma mpaka hela ya kikoba.

IJUMAA: Jibu

Asubuhi nikaandika barua pepe. Nilisema niko tayari kwa kazi, kwa masharti yangu: mwaka mmoja, matumizi yaliyotajwa moja moja, matumizi mapya yalipiwe upya, na mashine isitengeneze sentensi ambayo sikuisema. Wakala akanipigia. “Dada'angu, wenzako wanasaini bila maswali.” Nikamwambia kwa kile kisauti kilichobaki kwamba nawatakia heri.

Sikuwa naogopa kivuli. Mmarekani Susan Bennett alirekodi sentensi saa nne kwa siku, mwezi mzima wa Julai 2005, bila kuambiwa zinaenda wapi hasa. Oktoba 2011 Apple wakatoa Siri, na rafiki yake ndiye aliyemshtua: huyu si wewe? Miaka 12 baadaye, 2023, waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, na moja ya madai yao lilikuwa hilo hilo la akili bandia kuchukua sura na sauti zao. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka mtu aridhie taarifa zake zinapochukuliwa. Lakini sheria itakusaidia nini kama umeridhia mwenyewe, kwa kalamu yako, ukurasa wa tatu?

Saa kumi jioni jibu likaja: wamepata mtu mwingine. Sikushangaa, ila nisikudanganye, iliuma. Milioni 1.8 ni milioni 1.8. Mume wangu akaenda kwa mwenye nyumba bila kuniambia, akarudi na ruhusa ya kulipa miezi mitatu sasa na mitatu baadaye. Hakutoa hotuba. Aliweka risiti juu ya lile daftari akaenda kuoga.

JUMAMOSI: Kitchen party

Unadhani miezi mitatu inatoka wapi? Sauti ilivyorudi tu, nikaenda kushika maiki kwenye kitchen party ya Tabata, mshehereshaji wa mama zangu hamsini waliovaa sare ya kitenge. Hapo hakuna sponji wala kioo. Kuna spika mbili zinazovuma, watoto wanalia, na shangazi mmoja anayetaka kumfunda bibi harusi mambo yasiyotajika kwenye gazeti la heshima. Nililipwa taslimu, na sahani ya pilau nikafungiwa.

JUMAPILI: Yangu matatu

Mabinti wengi huniuliza wanaanzaje. Nawaambia matatu. Kwanza, soma magazeti kwa sauti kila siku, ujirekodi, ujisikilize bila kujionea huruma. Pili, studio ya kuanzia ni kabati lako la nguo: nguo zinameza mwangwi kuliko unavyodhani, mradi jogoo wa jirani awe amelala. Tatu, kwenye mkataba tafuta majibu manne: itatumika wapi, kwa muda gani, nani mwenyewe, na kama mashine itafundishwa. Usipoyaona, uliza. Wakikasirika, umeshajibiwa.

La nne ni la nyumbani, na linamhusu hata asiyeuza sauti. Kaeni na watu wenu mchague neno la siri. Mtu akipiga simu kwa sauti ya mwanao, mkeo au mumeo akitaka hela, mwulize neno.

Nilimpigia mama jioni hiyo tukachagua la kwetu. Alifikiri kidogo, akapendekeza jina la mbuzi aliyetukimbia wakati niko darasa la pili, mbuzi ambaye baba alimtafuta siku tatu. Tukacheka mpaka koo likaniuma tena. Jina lenyewe silitaji hapa, na wewe usiniulize!