Kitanzi Ndani ya Kitanzi: Amri Zinazojirudia na Majedwali ya Mvua ya Morogoro

Neno kitanzi lina sura mbili katika Kiswahili. Kwa upande mmoja, ni duara la kamba lifungialo mzigo. Kwa upande wa pili, ni tanzi, yaani mtego wa aingiaye asione pa kutokea. Mwanaistilahi anapoliteua neno hilo litaje amri zinazojirudia katika programu ya kompyuta, sura zote mbili zinamfaa, kwani kitanzi cha programu kinahitaji kazi ya kurudiwa na pia sharti la kukoma. Pasipo sharti, kitanzi hugeuka kuwa tanzi.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1843 Ada Lovelace, akifafanua mtambo wa kukokotoa uliobuniwa na Charles Babbage, alionyesha kuwa mzunguko mmoja wa amri waweza kuwamo ndani ya mzunguko mwingine. Mwaka 1966 Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walithibitisha kwamba programu yaweza kujengwa kwa mbinu tatu tu: mfuatano, uteuzi na marudio.

Na tuchukue mfano wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo masika ya Machi hadi Mei ndiyo huamua shibe au njaa. Karani ana majedwali 12 ya mvua, moja kwa kila mwezi, naye anatakiwa kuyanakili katika fomu ya programu nyingine. Badala ya kubofya siku nzima, anaandika programu fupi ya kuiga mkono wake: ifungue jedwali, inakili kipimo, ihamie fomu, ibandike, irudi. Kitanzi cha nje kinahesabu miezi. Cha ndani kinahesabu siku. Kwa Kiswahili amri hiyo husomeka hivi: kwa kila mwezi, kwa kila siku ya mwezi huo, nakili kipimo.

Uzito wote umo katika kiashiria "huo". Karani akikisahau, akaamuru siku 31 kwa kila mwezi, programu itaandika mistari 372 badala ya 365. Mistari saba ya ziada, mitatu ya Februari na mmoja mmoja ya Aprili, Juni, Septemba na Novemba, itakuwa mitupu. Na fomu ikiusoma utupu kuwa sifuri, itazaliwa tarehe 31 Aprili isiyo na mvua, katikati ya masika. Wastani wa mvua kwa siku utapungua, na atakayeutumia wastani huo kumshauri mkulima atamshauri vibaya. Kompyuta haitalalamika, maadamu imetii neno kwa neno.

Hatari ya pili ni ya urejeleo. Katika AutoHotkey, lugha ya programu za aina hii iliyotolewa mwaka 2003, jina moja, A_Index, hutaja hesabu ya kila kitanzi. Likitajwa ndani ya kitanzi cha ndani, humaanisha siku, wala si mwezi. Anayeuhitaji mwezi hana budi kuuhifadhi kwa jina jingine kabla ya kuingia ndani. Mwanafunzi wa sarufi atalitambua jambo hili mara moja: kiwakilishi hushika nomino iliyo karibu, na msemaji anayekusudia ile ya mbali hulazimika kuitaja upya.

Uluguru yenyewe imewahi kuonja amri isiyo na "huo". Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kwa kila kaya, kwa kila mteremko, kazi ilikuwa moja. Lakini miteremko haikuwa mmoja. Palipokuwa na udongo haba, jembe liliibua udongo usio na rutuba, na jasho la mkulima likampunguzia mavuno. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Mgeta, upande wa magharibi, mashamba ya ngazi yenye mboga yanaonekana hadi leo. Kwa hiyo tuta lenyewe halikuwa kosa; kosa lilikuwa kuirudia kazi bila kuuliza imefika wapi.

Ni dhahiri basi kwamba ufundishaji wa vitanzi kwa Kiswahili usiishie katika kutafuta istilahi. Lugha tayari ina kila, mpaka, maadamu na viashiria vya urejeleo. Mwanafunzi aandike kwanza amri yake kwa sentensi kamili, aonyeshe kila kiashiria kinarejelea nini na kazi itakoma lini, ndipo aifasiri kwa lugha ya kompyuta. Karani naye, kabla ya kuifunga fomu, ahesabu mistari: 365, au 366 mwaka ukiwa mrefu.