Chumvi ya Bahari Mlimani Ndara

Katika kijiji chetu, Mjomba ndiye mtu wa pekee aliyeijua bahari kutoka juu. Wengine waliokwenda Mombasa walirudi na habari za kivuko cha Likoni, za makuli wa Kilindini na za joto lisilomwacha mtu apate usingizi. Yeye alirudi na habari za meli iliyosimama katikati ya maji, mnara wa chuma umeisimamia mgongoni, na juu yake uwanja mdogo wa duara uliotandazwa wavu wa kamba ili ndege isiteleze inapotua. Sisi watoto wa Ndara, ambao maji mengi tuliyoyafahamu ni yale ya mto Voi siku chache za masika, tulimsikiliza kwa adabu na hatukumwamini hata kidogo.

Majirani walimwita rubani. Hakuwasahihisha. Mimi alinieleza ukweli nilipokuwa darasa la sita, tukiwa wawili tu chini ya mbuyu, kana kwamba ananikabidhi siri ya ukoo: yeye hakuwa rubani, alikuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kuzitunza helikopta zilizowapeleka wafanyakazi kwenye meli za kutafuta mafuta na gesi mbali na pwani yetu. Alipanda ndege hizo mara nyingi, kwa kuwa fundi hukaa ilipo mashine yake, lakini hakuwahi kushika usukani. "Rubani huiazima tu, mpwa wangu," aliniambia. "Jioni huirudisha kwangu."

Desemba moja, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, nilipanda mlima na kinasa sauti. Mlima wetu una majina mawili. Wengi leo huuita Sagala, na ramani za zamani huuita Ndara. Sikwenda kwa mapenzi matupu, nakiri. Msimamizi wangu alikuwa amenidokezea kwamba simulizi za wafanyakazi ni uwanja usiolimwa vya kutosha katika fasihi yetu, nami nikamkumbuka Mjomba kama mtu akumbukavyo shamba la urithi siku ya kutafuta mkopo. Nilipomwamkia hakuitika. Nilirudia shikamoo mara tatu, ndipo mkewe akanionyesha kwa mkono nikae upande wake wa kushoto. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha zamani, na la kushoto lilikuwa njiani.

Msomaji asidhani kwamba Mjomba alikuwa wa kwanza kuhangaika na ndege na chumvi katika pwani hii. Mwishoni mwa mwaka wa 1914, Waingereza walipokuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, walileta ndege ndogo ya kutua majini na kuiweka katika kisiwa cha Nyororo. Rejeta yake ilipoharibika, ilibidi itafutwe nyingine ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa. Mwaka uliofuata ndege nyingine ziliwekwa Mafia, na joto na unyevu vikazitafuna mbao na gundi zake. Königsberg iliangamizwa Julai 1915; baadaye mwaka huohuo ndege za kikosi hicho cha majini zilihamia Maktau, hapo chini ya vilima vya Taita, mahali reli ya kutoka Voi ilipokuwa imefika. Nilipomsimulia Mjomba habari hizo, vita havikumshughulisha. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo rejeta ya gari waliifungaje?" Sikuwa na jibu. Vitabu nilivyovisoma vilikuwa vya makamanda.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyenifundisha, na sehemu kubwa ya mafunzo yake ilihusu chumvi. Bahari, alisema, haina haja ya kuipiga ndege, huila. Helikopta inayoning'inia juu ya maji hujirushia manyunyu kwa upepo wake yenyewe, na manyunyu hayo huingia kila penye upenyo. Basi kila jioni, baada ya safari ya mwisho, waliiosha kwa maji baridi kuanzia pua hadi mkia, kisha wakanyunyiza maji ndani ya kinywa cha injini huku ikizungushwa bila kuwashwa moto, ili chumvi iliyoganda katika mapanga madogo ya ndani itoke. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya kukausha, kupaka mafuta ya kuzuia kutu na kutia grisi kwenye viungo vya panga kuu. Ndani ya giaboksi mnakaa kizibo chenye sumaku. Hufunguliwa, hufutwa kwa kitambaa cheupe, hutazamwa kwa tochi. Kikitoka na unga laini kama masizi, ni uchakavu wa kawaida. Kikitoka na kipande kinachometameta, kidogo tu kama ganda la mtama, ndege hailali hapo ikaruka asubuhi. Mjomba alinieleza hayo akisugua kidole gumba kwa cha shahada, kana kwamba unga ule bado upo.

Alicheka alipofika kwenye mafunzo ya kujiokoa. Kila aendaye kwenye meli hizo hufungwa mkanda katika kibanda mfano wa ndege, kibanda kikazamishwa bwawani na kupinduliwa kichwa chini, naye atafute dirisha na kutoka. Mjomba alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu na hajui kuogelea. "Nilitoka," alisema. "Sijui nilitokaje. Nadhani mlima ulinivuta."

Mimi, kwa ugonjwa wetu wa darasani, nilikuwa nikihesabu maneno. Nilimwuliza kama waliwahi kutumia rafadha, lile neno lenye asili ya Kiarabu tulilofunzwa. Akaniomba nilitamke tena, akalirudia taratibu mdomoni, akasema ni zuri, lakini usiku wa mvua mtu anapopiga kelele juu ya ngazi, panga ndilo linalosikika. Panga kubwa, panga la mkia. Nina wenzangu watakaoniona msaliti kwa kuandika hivi, lakini neno la Mjomba lilikuwa limefanya kazi miaka mingi zaidi kuliko langu.

Septemba 2012, wengi watakumbuka, ilitangazwa kwamba gesi imepatikana katika kisima cha Mbawa, nje ya pwani ya Kenya, ingawa haikufikia kiasi cha biashara. Kisima kile hakimo katika simulizi hii. Meli ya Mjomba ilikuwa nyingine, katika mwaka mwingine, na kampuni iliyomwajiri sitaitaja.

Jioni ile ndege ilikuwa nchi kavu, imekwisha oshwa. Kwa desturi yao kila spana ina mahali pake ubaoni, na umbo lake limechorwa kwa rangi nyuma yake, hivi kwamba isiporudishwa kivuli hubaki peke yake na kumtazama fundi. Kivuli cha spana namba kumi kilikuwa wazi. Mjomba alianza kuitafuta. Wakati huohuo ikapigwa simu kutoka melini: mfanyakazi mmoja alikuwa amebanwa mkono na mabomba, anavuja damu, aletwe hospitali upesi. Rubani akawa tayari. Karatasi ilihitaji saini ya Mjomba.

Hakutia saini. Spana iliyosahauliwa karibu na mhimili wa panga la mkia inaweza kuiangusha ndege na wote waliomo, na usiku, juu ya bahari. Walifungua vifuniko vyote. Walitambaa chini ya ndege na tochi. Mkubwa wao alifika, akasema maneno ambayo Mjomba hakunitajia. Saa moja na dakika arubaini zilipita, ndipo mtu akakumbuka kijana aliyemaliza zamu na kwenda kulala. Wakamwamsha. Spana ilikuwa katika mfuko wa ovaroli yake.

Ndege ilikuwa salama tangu mwanzo. Ilikwenda, ikarudi na yule mtu akiwa hai, naye akakatwa vidole viwili. Kama vingeponea lau angefika mapema, daktari hakusema, na Mjomba hakuthubutu kuuliza. Mkataba wake ulipoisha haukurefushwa. Sababu hakuambiwa. Akarudi Ndara, akapanda mbaazi.

Nilimwuliza swali ambalo sasa naliona la kitoto: je, angetia saini kama angejua? Alinitazama kwa muda. "Kama ningejua," akasema, "ningekuwa nimeiona spana." Kisha akanyamaza, nami nikaacha kinasa sauti kiendelee kunasa kuku na upepo. Hata hivyo mkewe alinidokezea jikoni kwamba mzee huota mara kwa mara, na katika ndoto huwa anakunja ngumi na kukunjua vidole kimoja kimoja, mpaka vitano vitimie.

Asubuhi ya kuondoka kwangu tulikaa barazani tukipukuchua mahindi machache yaliyosazwa na ndovu. Usiku kundi lilikuwa limeingia mashambani, kama lifanyavyo miaka ya kiangazi, licha ya nyuzi zilizotundikwa mizinga ya nyuki na baadhi ya majirani zetu. Mjomba aliacha ghafla kupukuchua. Aliuweka mkono wake wa kushoto kwenye nguzo ya baraza, kiganja wazi, akainamisha kichwa. Mimi sikusikia kitu. Kitambo kikapita, ndipo mtikiso ulipotufikia kutoka upande wa mbuga, na helikopta ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ikajitokeza ikiruka chini chini, ikiwaswaga ndovu kurudi Tsavo Mashariki.

"Injini moja," Mjomba alisema, mkono ungali nguzoni. Mtikiso ulipanda ubao mpaka sakafuni, nami nikauhisi katika nyayo. Nilinyanyua kinasa sauti changu juu, nipate mngurumo ule pamoja na maneno yake. Aligeuka, akaniona, akatikisa kichwa.

"Zima kitu hicho, mpwa wangu. Nasikiliza."

Nikakizima.