Fundi Si Mlafi

Fundi akipandisha bei ya mlango wa chuma, pengine humwita mlafi. Ngoja nikueleze, maana mimi huchomelea milango hapa Kawangware.

Mwaka 2023 sheria ya fedha ilitoza ushuru wa asilimia 17.5 kwa baadhi ya vyuma ghafi kutoka nje, ili viwanda vya nyumbani vipumue. Sikatai. Lakini mama mmoja muuza mboga aliposikia bei yangu mpya, alinitazama kana kwamba nimemwibia!

Shemeji yangu wa Kibera naye huokota vyuma vikuukuu, vile vile ambavyo viwanda hivyo huyeyusha. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sababu ya wezi waliokuwa wakihujumu minara ya umeme. Yeye mnara hajagusa. Hadi marufuku ilipoondolewa mwezi Mei, wanawe walikuwa wakila kwangu, na unga nao, wajua bei yake.

Je, ungemwambia nini yule mama? Mimi nilimwambia alipe pole pole. Mlango anao, deni hajamaliza.