Rangi za Watoto Katika Udongo wa Mtabila

Msafiri atokaye Ujiji kwenda Kasulu huanza safari yake penye michikichi na maji ya Ziwa Tanganyika, katika kimo cha kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Baada ya muda si mrefu hujikuta amekwisha panda katika nchi ya milima na mabonde, ambako baridi ya alfajiri humlazimisha mtu kujitanda shuka anapokwenda msikitini. Hii ndiyo nchi ya Waha, Kasulu ikiwa upande wa kusini na Kibondo upande wa kaskazini. Mgeni hapa hupokewa kwanza na rangi ya ardhi, kabla ya kutazama miti wala nyumba. Njia ni nyekundu, vichuguu ni vyekundu, kuta za nyumba ni nyekundu, na wakati wa kiangazi hata majani ya migomba ya kando ya barabara huvaa wekundu wa vumbi. Mama afuaye kanzu nyeupe za watoto wa chuoni huijua rangi hii kuliko mtu mwingine yeyote, kwa maana haitoki upesi. Lakini rangi iliyo ngumu kutoka katika kanzu ndiyo hasa rangi ifaayo kukaa katika karatasi, na habari hiyo ndiyo tutakayowaeleza wasomaji wetu mwezi huu.

Katika nchi ya Kasulu pana mahali paitwapo Mtabila. Mwezi wa Oktoba mwaka 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, na vita vilivyofuata viliwatoa watu wengi majumbani mwao. Walivuka mpaka wakaingia Tanzania, wengine kwa miguu, na mtoto mgongoni. Katika miaka hiyo ya 1990 zikawekwa kambi nyingi katika wilaya za Kasulu na Kibondo, na Mtabila ilikuwa mojawapo. Wageni walichimba udongo kando ya pale walipopewa kiwanja, wakaukanda kwa maji, wakaufyatua matofali, wakapandisha kuta. Watoto walizaliwa ndani ya kuta hizo, wakajifunza kutembea, wakajifunza kusoma, na wengine wakawa vijana wasioijua nchi ya wazee wao ila kwa kusimuliwa. Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ikafungwa, na watu zaidi ya 30,000 wakarejea Burundi. Baadaye mahali pale pakawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 2015 fitina ikazuka tena Burundi, watu wakakimbia kwa mara nyingine, kambi ya Nyarugusu ikafurika, na kambi ya Nduta katika Kibondo ikafunguliwa upya. Basi watoto wa wenyeji na watoto wa wageni wamekanyaga udongo mmoja kwa muda wa miaka mingi.

Sasa na tuulize: mtoto wa namna hii, awe Mha wa kijijini au mgeni wa kambini, ana nini cha kuchorea? Mzazi aliyeuza debe la maharage hana budi kununua kwanza sare, madaftari, chumvi na mafuta ya taa. Kisanduku cha rangi huwa cha mwisho katika hesabu yake, na mara nyingi fedha hukoma kabla hesabu haijakifikia. Wala hapana wa kumlaumu. Lakini hapo ndipo linapoingia kosa la fikira, yaani kudhani ya kwamba rangi huzaliwa dukani, na ya kwamba mtoto asiyenunuliwa hana budi kukaa bila ya kuchora.

Wako watakaosema kuchora ni mchezo tu, na mtoto mwenye njaa ana haja na chakula. Chakula hutangulia, hilo halina ubishi. Walakini mtoto aliyeona mabaya ana maneno mengi moyoni ambayo ulimi wake hauwezi kuyatoa. Katika vita vikuu vya pili, ndani ya kambi ya Theresienstadt walimofungwa Mayahudi, mwalimu mmoja mwanamke aitwaye Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto kuchora kwa vipande vya karatasi vilivyopatikana kwa shida. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz na huko akauawa, lakini kabla ya kuondoka alikwisha zificha kazi za watoto wake ndani ya masanduku mawili. Michoro kama 4,500 ikasalimika, na wengi wa watoto walioichora hawakusalimika. Kama kuchora kungalikuwa jambo la upuuzi, mwalimu yule asingalilijali jambo hilo siku za mwisho za uhai wake.

Ama kwa nyumba za Kiislamu lipo suala moja la kutanguliza, nalo ni picha za viumbe vyenye roho. Wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu, na kila mzazi amfuate anayemwamini katika elimu. Lakini imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) ya kwamba alimnasihi mtu aliyejipatia riziki yake kwa kuchora ya kwamba, ikiwa hana budi, achore miti na vitu visivyo na roho. Mlango huo ni mpana kabisa. Mtoto wa Kasulu ana migomba, mibuni, milima, mvua, jua linapokuchwa, vyungu, mapambo ya vikapu, na herufi za Kurani. Nani atayamaliza hayo?

Tena kutengeneza rangi kwa mikono si jambo geni katika vyuo vyetu. Kabla ya daftari na kalamu ya dukani, mtoto wa chuoni, pwani na katika miji ya bara kama Ujiji, aliandika juu ya ubao kwa kalamu ya tete, na wino wake ulitokana na masizi yaliyochanganywa na gundi. Alipokwisha kuhifadhi aya zake aliuosha ubao, akaanza upya. Na kabla ya hayo yote, watu wa kale wa Kondoa, katikati ya Tanzania, walichora juu ya miamba kwa rangi iliyotokana na mawe na udongo mwekundu. Mvua za karne nyingi hazikuifuta, na mwaka 2006 michoro hiyo ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Siri ya kudumu kwake ni nyepesi kufahamika. Wekundu wa udongo ni kutu ya chuma, na kutu haififii kwa jua kama yanavyofifia maji ya maua. Mtoto achoraye kwa udongo wa Kasulu anatumia rangi ya namna ile ile iliyodumu Kondoa.

Kazi yenyewe huanza kwa kuchagua udongo. Usichimbe kando ya barabara kuu, wala karibu na gereji, wala jalalani, wala karibu na choo. Ondoa tabaka la juu, uchukue ule wa chini ulio safi. Uponde, kisha uutie ndani ya ndoo ya maji, ukoroge kwa nguvu, ungoje muda wa kuhesabu mpaka thelathini. Mchanga utatangulia kuzama. Yamimine yale maji mazito katika chombo cha pili, uache mchanga nyuma. Chombo hicho kilale usiku kucha. Asubuhi utaona maji meupe juu na tope laini chini. Yamwage maji taratibu, tope ulianike, na likikauka ulisage kwa jiwe mpaka liwe laini kama unga.

Kisha ukaange unga huo katika kigae kikavu juu ya moto, ili mayai ya minyoo yafe. Kazi hiyo ni ya mtu mzima. Na hapa watoto wataona ajabu, kwa maana udongo wa rangi ya manjano ukikaangwa kwa moto mkali hugeuka kuwa mwekundu. Sababu yake ni kwamba kutu ya manjano imeshikana na maji, na moto unapoyafukuza maji hayo hubaki kutu nyekundu. Basi kwa udongo wa aina moja mzazi aweza kupata rangi mbili au tatu, kwa kadiri ya moto alioutumia.

Unga mtupu haushiki katika karatasi, ukikauka hupukutika. Hapana budi kuutilia kitu cha kunata, na kitu hicho kimo jikoni. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika maji ya baridi kidogo, uumimine ndani ya kikombe kimoja cha maji yanayochemka, ukoroge mpaka uwe uji mwepesi unaong'aa. Ukipoa, changanya vijiko viwili vya uji na kijiko kimoja cha udongo. Ikiwa rangi ni nzito, ongeza maji. Ikiwa ni nyepesi, ongeza udongo. Uji huu huchacha baada ya siku mbili tatu, basi tengeneza kidogo kidogo. Chembe za chumvi huuchelewesha kuharibika, na watu wa Kigoma hawana haja ya kuitafuta mbali, kwani chemchemi za chumvi za Uvinza zimewalisha watu wa nchi hizi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Nyeusi hupatikana kwa mkaa uliosagwa sana. Nyeupe hupatikana kwa maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Manjano ya kupikia, ile bizari ya rangi ya dhahabu, hutoa rangi kali mno ikichanganywa na uji. Mzazi akitia matone machache ya maji ya majivu yaliyochujwa, manjano hiyo hugeuka kuwa hudhurungi yenye wekundu mbele ya macho ya watoto. Majani mabichi ya mchicha yakitwangwa na kukamuliwa kwa kitambaa hutoa kijani. Lakini waambiwe watoto ukweli: kijani cha majani na manjano ya jikoni hufifia kwa jua, na udongo na mkaa hubaki. Buluu ni shida kuipata katika udongo na katika jiko. Anayetaka mbingu na aiache karatasi yake wazi mahali pa mbingu, achore milima chini yake, jicho litafahamu.

Brashi isimpe mtu taabu. Kijiti kibichi kikitafunwa ncha kama mswaki hutawanyika nyuzi, na nyuzi hizo huchukua rangi vizuri. Unyoya wa kuku hufaa kwa mistari myembamba. Mahali pa karatasi patumike boksi la sabuni lililokunjuliwa, au ubao.

Yako mambo ambayo mzazi asiyafanyie mzaha hata kidogo. La kwanza, rangi za mafuta za kupakia milango na magari si za watoto. Baadhi yake zimekuwa zikitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limekwisha eleza ya kwamba hakijulikani kiasi chochote cha risasi kilicho salama katika mwili wa mtoto. Huharibu akili polepole, wala mzazi haoni kitu. La pili, uko mtindo katika vijiji wa kuvunja betri kuukuu za tochi na kutumia unga wake mweusi kupaka mbao za shule. Unga huo una madini yenye madhara, na mkaa wa jikoni unatosha kwa kazi ile ile. La tatu, chokaa na majivu makavu huunguza macho. Yasiachwe mikononi mwa mtoto. La nne, matunda na mbegu za porini asizozijua mtu, kadhalika mbegu za mbono, zisitwangwe kwa rangi. Mwenye jeraha mkononi asikande udongo mpaka apone, na kila mmoja anawe kwa sabuni baada ya kazi.

Mwalimu wa shule au wa chuo anaweza kuwaambia watoto kila mmoja alete gao moja la udongo wa kwao. Mmoja ataleta mwekundu wa kilimani, mwingine wa manjano, mwingine mweusi wa bondeni. Ukipangwa juu ya jamvi, hata wenyeji watastaajabu kuona rangi ngapi wamekuwa wakizikanyaga. Hapo ndipo pa kuwakumbusha ile hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, ya kwamba Adam (a.s.) aliumbwa kwa gao lililokusanywa katika ardhi yote, na kwa hiyo wanawe wakawa tofauti kwa rangi na kwa tabia. Mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mkimbizi wakilisikia hilo huku mikono yao imo katika tope moja, hawatahitaji kuelezwa sana.

Kuta nyingi za udongo za Mtabila zimekwisha rudi ardhini zilikotoka. Walioondoka walibeba walichoweza kubeba. Lakini milima ya Kasulu na milima ya Burundi ni ndugu, na ng'ambo ya mpaka ardhi ni nyekundu vile vile. Mtoto aliyenunuliwa kisanduku cha rangi humaliza rangi zake, au huziacha nyuma siku ya kuhama. Aliyefundishwa kuchuja udongo na kupika uji wa muhogo huvuka mpaka mikono mitupu, na siku ya pili huweza kuchora. Basi, wazazi, mvua zikikatika na ardhi ikikauka, wapeni watoto ndoo moja, kitambaa na kijiko cha unga, mkae nao nyuma ya nyumba asubuhi moja. Gharama yake haizidi ile ya kikombe cha uji.