Maharage Yetu Hayana Kosa

Wazazi wenzangu, nataka kuwasimulia kosa nililolifanya kwa mikono yangu, ili mwingine asilirudie.

Mwana wetu alizaliwa hapa Eringeti miaka saba iliyopita. Siku ya nne nilifungua sanduku, nikatoa blanketi niliyomtunzia. Nilikuwa nimeitia vidonge vyeupe vya naftalini, vile vya kufukuza nondo. Sikuifua wala kuianika, nikamfunika nayo mtoto. Baada ya siku mbili macho yake yaligeuka manjano, akalegea, akakataa kunyonya. Tulimpeleka Oicha kwa pikipiki. Hospitalini aliongezewa damu, na kwa neema ya Mungu akapona.

Daktari alituuliza mengi, hata habari za nguo. Kisha akatueleza kwamba chembe nyekundu za damu zina mlinzi wake, kimeng'enya kiitwacho G6PD. Wako watu wanaozaliwa nacho kidogo. Kwa kawaida hawaonekani wagonjwa. Lakini wakikutana na naftalini, au dawa fulani kama primakwini na dapsoni, au aina moja ya maharage, chembe zao hupasuka, na mkojo huweza kuwa mweusi kama chai nzito. Miezi kadhaa baadaye kipimo cha damu kilithibitisha neno lake.

Basi, habari ilipofika katika ukoo, ilichukua sura nyingine. Wengine walinong'ona kwamba mke wangu ametuletea damu mbaya. Shangazi yangu akaagiza mtoto asionje maharage kamwe. Nami, mwalimu mzima, nikatii. Mtoto alipoanza kula tulimpa ndizi, muhogo na sombe tu. Ninyi mnajua kwamba kwetu nyama si chakula cha kila siku. Amnyimaye mtoto maharage amemnyima kitu cha kumjenga. Alikonda, nywele zake zikawa hafifu.

Nikamrudia daktari. Akauliza, “Mwalimu, ni maharage gani mliyomkataza?” Akaniandikia majina mawili, na siku ile Kilatini cha seminari kilinifaa. Yenye hatari ni Vicia faba, maharage mapana wanayoyapenda watu wa Misri na Uarabuni, wakiyaita ful. Ndani yake mna visini na konvisini, vitu vinavyowadhuru watu wenye upungufu huu. Maharage ya mashamba yetu ni Phaseolus vulgaris, nayo hayana vitu hivyo. Tulikuwa tumemfungia mtoto mlango wa chakula kwa sababu ya jina tu.

Tena nilimwuliza juu ya ile damu mbaya. Alinijibu kwamba upungufu huu hufuata kromosomu iitwayo X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Lakini mama naye aliipokea kwa wazazi wake, wala hakuichagua. Watu zaidi ya milioni 400 duniani wana upungufu huu, hasa katika nchi zenye malaria. Wataalamu wengi huona kwamba ulienea kwa kuwa hupunguza ukali wa malaria. Huenda basi damu tuliyoilaumu ndiyo iliyowahifadhi baadhi ya mababu zetu.

Jioni ile nilimweleza shangazi hayo yote mbele ya mke wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akamgeukia, akasema, “Mama, unisamehe. Leta maharage tumlishe mtoto.”

Leo kijana wetu ana nguvu, anakimbia na wenzake. Wazazi, mkiambiwa kwamba chakula au dawa fulani yamdhuru mtoto, ombeni jina kamili, tena liandikwe. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014, sisi tumejua maana ya kukimbia usiku. Mkimbizi hula anachopewa, na mtoto wake hutibiwa na asiyemjua. Kwa hiyo mke wangu ameandika karatasi yenye jina la upungufu huu, na dawa na vitu vya kuepuka. Ameifunga katika plastiki na kuishona ndani ya koti la mtoto. Maharage yetu hayamo katika orodha ile.