Saa ya Staa? Ifunguliwe Kwanza!

Wadau, kuna staa, jina kapuni, anauza Rolex yake ya mtumba. Binamu yangu hapa Tabora alitaka kumtumia hela ya misimu miwili ya tumbaku, kisa picha za Insta tu! Nikamwambia tulia. Mshale wa sekunde kuteleza si ushahidi, feki za siku hizi nazo zinateleza. Kadi nayo inachapishwa. Mkutane kwa fundi saa, afungue mfuniko wa nyuma aione mashine, namba ya saa ilingane na ya kadi. Enzi za misafara hapahapa, kitambaa cha merikani kilipimwa kwa mkono, doti moja mikono 8. Jina la tajiri halikupima kitu. Staa kagoma saa isifunguliwe. Hela ya binamu ipo. Mngekuwa nyie?